SOMO: MAFAILI YA VIFAA KATIKA KOMPYUTA PEPE ZA LINUX

Watumishi waliokabidhiwa kompyuta za ofisi wanakumbushwa kwamba jina la diski si diski yenyewe. Katika Linux kila diski huwakilishwa na faili ndani ya /dev. Faili hilo halihifadhi kumbukumbu yoyote. Lina aina na nambari mbili, kuu na ndogo, zinazokielekeza kiini cha mfumo kwenye kifaa husika.

Majina kama sda na sdb hutolewa kwa kadiri diski zinavyotambuliwa. Kompyuta pepe, yaani iendeshwayo ndani ya kompyuta nyingine, huongezewa diski kwa urahisi mno; ikiwashwa upya, iliyokuwa sdb yaweza kuitwa sdc. Hapo amri ya dd, ambayo haiulizi mara mbili, yaweza kufuta kumbukumbu za wananchi. Basi lsblk iangaliwe kwanza, na katika /etc/fstab itumike UUID badala ya jina.

Hata hivyo, UUID huandikwa ndani ya diski, na kompyuta pepe ikinakiliwa nayo hunakiliwa. Diski ya nakala isiunganishwe na kompyuta ya asili kabla ya kupewa UUID mpya. Kwa ext4 hutumika tune2fs -U random, diski ikiwa imeshushwa.