Bekapu ya Baiti 20

Barua za safari hii zimetoka Ndandalo, Ipinda na Kyela mjini. Za kuuliza jinsi ya kuweka Linux nimeziacha, hayo fundi yeyote atakuelekeza. Nimechukua zinazoninyima usingizi.

Shikamoo mwalimu. Cron inaniendeshea mysqldump kila usiku, na asubuhi nakuta faili jipya lenye tarehe. Data za wakulima wetu wa kakao ziko salama? (Karani, Ndandalo)

Marahaba. Sijui, na wewe pia hujui. Umeona jina la faili, ndani hujachungulia. Chapa `ls -l` utazame ukubwa. Ukikuta 20, hizo ni baiti 20: ganda la gzip lisilo na kitu ndani. Inakuwaje? Amri yako, tukiacha tarehe, ni `mysqldump kakao | gzip > kakao.sql.gz`. Siku mtu akibadilisha nywila, mysqldump inagoma. Gzip inapokea utupu, inaufunga vizuri na kutoa taarifa kwamba kazi imekwisha salama. Taarifa inayohesabiwa ni ya amri ya mwisho tu. Mnakaa msimu mzima mkikusanya maganda, tena yenye tarehe!

Andika kazi hiyo kwenye skripti inayoanza na `#!/bin/bash`, chini yake `set -o pipefail`, ili anayegoma asikike. Kisha tazama mkia: `zcat kakao.sql.gz | tail -n 1`. Mysqldump ikimaliza salama huacha mstari unaoanza na `-- Dump completed on`. Usipouona, huna bekapu. Ukiuona, bado: kila mwezi rejesha faili hilo kwenye hifadhidata ya majaribio, uhesabu wakulima na kilo zao, ulinganishe na daftari.

Msidhani ni ushamba wa Kyela. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya takriban GB 300 za hifadhidata yao. Wakakimbilia bekapu, hamna. Programu yao ya bekapu, pg_dump, ilikuwa ya toleo 9.2, hifadhidata ni 9.6, hivyo ilikuwa ikifeli kimya kimya. Barua pepe za onyo nazo zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua mtu kwa mkono, kwa shughuli nyingine kabisa, na bado data za muda wa saa 6 hivi zilipotea. Hakuna aliyekuwa amejaribu kurejesha.

Amri yangu yenye `date +%F` inakubali nikiichapa mwenyewe, kwenye cron inakataa.

Ni hiyo `date +%F`. Ndani ya crontab alama ya % hukata mstari. Andika `\%F`.

Nimefuta faili kwa rm. Fundi anasema ana programu ya kurudisha kila kitu.

Barua kadhaa zinauliza hili, nazijibu pamoja. Kwanza, kama kuna programu bado imelifungua faili hilo, usiizime: `lsof +L1` itakuonyesha, na utalinakili kutoka `/proc`. Kama hakuna, zima mashine. Kwenye diski ya kawaida rm huondoa anwani tu. Data hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Sasa fundi anakuja na flashi, anasakinisha programu yake kwenye diski ile ile, anaandika juu ya alichoitwa kukiokoa, halafu anadai hela! PhotoRec ya Christophe Grenier ni ya bure. Iwashe kutoka kwenye flashi, na inachookoa kiweke diski nyingine. Majina ya mafaili yatapotea, vumilieni. Kwenye SSD yenye TRIM mara nyingi hakibaki kitu, na anayekuahidi asilimia mia ni tapeli.

Tuna diski mbili zinazoigana. Bekapu ya nini tena?

Futa faili moja uone.

Bekapu iko kwenye flashi, kwenye droo ya meza ya kompyuta.

Mto Kiwira ukifurika, maji yatachagua? Nakala moja iende Mbeya, ikiwa imefungwa kwa `gpg -c`, maana ina majina na namba za simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu 1 Mei 2023. Nywila msiibandike kwenye flashi hiyo hiyo.

Sikumbuki nilipoweka bekapu ya msimu uliopita.

`find / -iname "*kakao*.gz" -size +1k 2>/dev/null`. Alama za nukuu usiziache, la sivyo shell itaitafsiri nyota kabla find haijaiona. Hiyo `-size +1k` itayaruka maganda ya baiti 20. Isipoleta kitu, ondoa `-size` ujaribu tena, uone ni siku ngapi mlikuwa mkihifadhi hewa.