Je, Hosea alitabiri habari za Yesu?

SWALI: Mathayo 2:15 inasema Yesu kukaa Misri kulitimiza neno la nabii. Mbona Hosea 11:1 inazungumzia Waisraeli waliotolewa utumwani zamani?

JIBU: Umesoma sawasawa. Hosea, nabii wa karne ya 8 kabla ya Kristo, alikuwa akikumbusha jambo lililokwisha kupita. Mstari wa pili hata unalilaumu taifa hilo kwa kuwaabudu Mabaali.

Lakini kwa Mathayo, unabii hutimia kwa njia zaidi ya moja. Mika 5:2 inataja Bethlehemu, na Wakristo huuhesabu huo kuwa utabiri wa moja kwa moja. Hosea ni kielelezo: Yesu anaipitia upya njia ya Israeli. Anatoka Misri, anaingia maji ya Yordani, kisha anajaribiwa nyikani siku 40, kama wao walivyotangatanga miaka 40. Walipoanguka wao, yeye anasimama, na majibu yake yote kwa Shetani yanatoka Kumbukumbu la Torati.

Kwa hiyo Mkristo haifuti maana ya kwanza ya Hosea, bali hujenga juu yake. Soma Mathayo 2 hadi 4 kwa mfululizo, utauona mpangilio huo.