Kujificha na Kutambulika: Kufundisha Rangi na Alama za Ndege za Kivita za Ujerumani katika Shule za Msingi za Katavi

Utangulizi

Somo la Vita Kuu mbili za Dunia huelekea kugeuka kuwa orodha ya miaka na majina ya watawala. Mwalimu huandika ubaoni, mwanafunzi hunakili, na baada ya mtihani yote husahaulika. Katika makala hii tunakusudia kumwonyesha mwalimu-mwanafunzi jinsi ya kuifundisha sehemu moja ndogo ya historia hiyo kwa njia ya kuona, kulinganisha na kujaribu. Sehemu hiyo ni rangi na alama zilizopakwa kwenye ndege za kivita za Ujerumani.

Huenda msomaji akauliza: mtoto wa Mpanda, Karema au Sitalike ana haja gani na rangi ya ndege zilizoruka Ulaya zamani, wazazi wake hawajazaliwa? Jibu letu ni hili. Ndege ya vita ilikuwa na mahitaji mawili yanayopingana. Ilipaswa isionekane na adui, na papo hapo itambulike na rafiki. Rangi ilifanya kazi ya kwanza, alama ilifanya kazi ya pili, na kila moja iliharibu kazi ya mwenzake. Mtoto akiuelewa mgongano huo atakuwa amejifunza kuuliza maswali yatakayomfaa katika sayansi, katika historia na katika maisha: Ni nani anayetazama? Anatazama kutoka wapi? Na aliyeweka alama anataka mtazamaji aamini nini?

Shabaha na zana

Somo hili lafaa madarasa ya juu ya shule ya msingi, kwa vipindi viwili vinavyofuatana. Mwishoni mwanafunzi aweze: (a) kueleza tofauti kati ya rangi za maficho na alama za utambulisho, (b) kueleza kwa nini ndege ilipakwa rangi moja juu na nyingine chini, (c) kutaja mfano mmoja kutoka historia ya nchi yetu unaoonyesha kwamba alama yaweza kubadilishwa.

Zana ni za kuokoteza: maboksi matupu, mkaa uliosagwa, majivu, udongo mwekundu, majani mabichi, chokaa au chaki, na samaki mmoja mzima kutoka sokoni.

Hatua ya kwanza: Samaki mezani

Tuanze na kinachojulikana. Mwalimu aweke mezani mgebuka au dagaa wa Ziwa Tanganyika, awaite wanafunzi kwa vikundi, na awaulize wameona nini. Asiwape jibu. Wataona kwamba mgongo wa samaki una weusi, na tumbo lake ni jeupe lenye kung'aa. Hapo aulize: ndege mla samaki anatazama kutoka wapi? Anatazama kutoka juu, na chini ya samaki kuna maji yenye kiza. Samaki mkubwa anayewinda kutoka chini anaona nini? Anaona mwanga wa anga. Basi mgongo umefanana na kina cha maji, na tumbo limefanana na mwanga.

Kisha darasa litoke nje kutafuta panzi. Panzi wa kijani apatikane kwenye majani mabichi, na wa kahawia kwenye nyasi kavu. Wanafunzi wanaoishi karibu na Hifadhi ya Taifa ya Katavi wataongeza mifano yao, kama vile mamba anayelala katika tope la Mto Katuma wakati wa kiangazi. Mwalimu aongeze mfano wa kinyume, yaani kuro, ambaye mwili wake wa hudhurungi hupotea vichakani, lakini matakoni ana doa jeupe linaloonekana kwa mbali. Mwanafunzi na aone kwamba hata mwituni rangi ya kuficha na rangi ya kuonyesha hukaa katika ngozi moja.

Hatua ya pili: Jaribio la uwanjani

Kila kikundi kikate umbo la ndege kutoka kwenye boksi, mabawa yakiwa na urefu wa mikono miwili ya mtoto. Umbo la kwanza lipakwe majani na udongo kwa mabaka yasiyo na mpangilio. La pili libaki na rangi ya boksi. La tatu lipakwe kama la kwanza, kisha lichorwe msalaba mkubwa wa chokaa katika kila bawa. Mwalimu ayalaze nyasini. Wanafunzi waje kutoka mbali, wakihesabu hatua zilizobaki tangu kila umbo lilipoonekana. Hesabu iandikwe katika jedwali ubaoni.

Tukiyapanga vizuri, umbo la tatu litaonekana mapema kuliko la kwanza, ingawa rangi zake ni zile zile. Msalaba mweupe umeliumbua. Usiliharakishe jambo hili. Waulize wanafunzi: kwa nini basi mwenye ndege aliuweka msalaba huo? Waache wabishane. Jibu litakapotoka kwao wenyewe, kwamba bila msalaba angepigwa na wenzake, historia itakayofuata itakuwa na mahali pa kukaa.

Hatua ya tatu: Herufi katika uwanja wa ndege wa Mpanda

Ndege ya abiria iliyosajiliwa Tanzania huandikwa 5H ubavuni, kisha herufi tatu. 5H ni nchi yetu. Herufi tatu ni ndege yenyewe. Ndege hii haina sababu ya kujificha, nayo huandikwa wazi ili ijulikane ni ya nani. Mwalimu aandike ubaoni mfano wa 5H na herufi tatu alizozibuni, wanafunzi waeleze kila sehemu ina kazi gani. Walinganishe na namba za magari na pikipiki wanazoziona mjini kila siku.

Hatua ya nne: Vita vilipofika kwetu

Sasa twaweza kuingia katika historia, tukianzia nchini mwetu, kwani Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa hapa pia. Mwezi Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Mto Rufiji. Mabaharia waliifunika kwa matawi ya miti ili ifanane na mikoko. Kutoka baharini haikuonekana. Waingereza walileta ndege, na kutoka angani maficho yale hayakutosha. Mwezi Julai 1915 meli za kivita Severn na Mersey ziliishambulia, na marubani wakiwa juu waliwaelekeza wapigaji mizinga makombora yalipoangukia, mpaka Königsberg ikaangamia. Mwalimu arudie swali letu: nani alitazama, na kutoka wapi? Maficho yaliyomtosha mtazamaji wa baharini hayakumtosha mtazamaji wa angani.

Kutoka Rufiji twende magharibi, kwenye ziwa wanalolivua watu wa Karema na Ikola. Tarehe 26 Desemba 1915 boti mbili za Kiingereza, Mimi na Toutou, ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani iliyoitwa Kingani. Ilitengenezwa, ikapewa jina la Fifi na bendera ya Uingereza. Tarehe 9 Februari 1916 meli hiyo hiyo ilishiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann, meli ya Wajerumani waliokuwa wakiimiliki zamani. Mbao na chuma havikubadilika. Kilichobadilika ni jina, bendera na watu waliomo. Katikati ya mwaka 1916 ndege za majini za Wabelgiji zilivuka ziwa kupiga mabomu Kigoma, ilikokuwa meli kubwa Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi Julai mwaka huo. Baadaye iliopolewa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Wengi wa wazee wa mwambao wa ziwa waliijua kwa jina hilo tu.

Hatua ya tano: Ndege za Ujerumani

Mwaka 1914 majeshi ya Ulaya yaligundua kwamba askari waliopo ardhini huipiga ndege yoyote ipitayo, iwe ya adui au ya kwao. Wajerumani wakachora msalaba mweusi wenye ncha pana juu ya weupe. Waingereza walichora bendera yao, lakini msalaba uliomo katika bendera hiyo, ukitazamwa kwa mbali, ulifanana na ule wa Wajerumani. Ikabidi wafuate mtindo wa Wafaransa wa duara ndani ya duara. Mwaka 1918 Wajerumani nao waliubadili msalaba wao, wakaufanya wa mihimili iliyonyooka. Katika miaka ya mwisho ya vita hivyo ndege zao nyingi zilifunikwa kitambaa kilichochapwa vipande vya rangi mbalimbali, vya giza kwa upande wa juu na vyepesi kwa upande wa chini. Wanafunzi watamkumbuka samaki wetu.

Katika Vita Kuu ya Pili kazi hiyo ilipangwa kwa kanuni. Wizara ya Anga ya Ujerumani ilizipa rangi namba. Ndege za kutupa mabomu zilipakwa kijani cha aina mbili juu, kwa mabaka yenye kona kali kama vigae vilivyovunjika, na samawati hafifu chini. Mwaka 1941 majeshi ya Ujerumani yalipoingia Libya, kijani hakikufaa jangwani. Ndege zikapakwa rangi ya mchanga juu na samawati chini, na baadhi zikaongezwa madoa ya kijani. Katika theluji ya Urusi zilipakwa weupe wa kuoshwa. Ndege zilizopigana usiku zilipakwa weusi mwanzoni. Baadaye ikaonekana kwamba weusi mtupu hujitokeza kama kivuli kizito, zikapakwa kijivu chepesi. Mfano huu wa mwisho una faida kubwa darasani, kwa sababu karibu kila mtoto atakuwa amekisia kinyume.

Juu ya maficho hayo ziliwekwa alama. Msalaba ulikuwa ubavuni na mabawani. Katika ndege za kutupa mabomu, tarakimu moja na herufi moja kabla ya msalaba zilitaja kikosi kikubwa. Kwa mfano 1H ilikuwa ya kikosi KG 26. Herufi iliyofuata msalaba ilikuwa ya ndege yenyewe, na ya mwisho ilitaja kikosi kidogo. Mwalimu atahadharishe kwamba 1H hii haina uhusiano wowote na 5H yetu: alama zilizofanana zaweza kuwa za lugha mbili tofauti. Tena, mwaka 1940 ndege ndogo za mapambano zilizopigana na Waingereza zilipakwa pua za njano. Barani Afrika na katika Bahari ya Kati zilivikwa mkanda mweupe kiwiliwilini, na upande wa Urusi mkanda wa njano. Ndege iliyofichwa kwa uangalifu ikavishwa mkanda unaong'aa! Makamanda walikuwa wamepima hatari mbili, ya adui na ya mwenzao, wakaona ya pili si ndogo.

Wapinzani wao walipima vivyo hivyo. Katika vita dhidi ya Japani, Waingereza waliondoa wekundu katikati ya duara lao ili lisidhaniwe kuwa jua jekundu la Wajapani. Askari wa Tanganyika waliopigana Burma mwaka 1944, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walikuwa chini ya anga hiyo, na uhai wao ulitegemea rubani kumjua aliye wake.

Tahadhari kwa mwalimu

Tunaweka tahadhari mbili. Ya kwanza, somo hili lisiwe sifa ya silaha. Rangi na umbo la ndege huwavutia watoto, wavulana hasa, na mwalimu asiyejiandaa atajikuta anasifia ushujaa wa marubani. Awakumbushe kwamba chini ya ndege hizo walikuwapo watu, na kwamba katika vita vya 1914 hadi 1918 nchini mwetu maelfu ya Waafrika walilazimishwa kuwa wapagazi, wakafa kwa njaa, maradhi na uchovu. Wengi wao hawakuvaa alama yoyote ya kutambulika.

Ya pili ni swastika iliyochorwa mkiani mwa ndege za Ujerumani wakati wa utawala wa Hitler. Mwanafunzi akikuta picha yake ataiuliza, na kunyamaza hakufai. Aelezwe kwa maneno mepesi kwamba ilikuwa alama ya chama kilichohubiri ubora wa rangi moja ya watu juu ya nyingine, na kwamba utawala wake uliwaua Wayahudi wapatao milioni 6 pamoja na watu wengine wengi. Papo hapo aelezwe kwamba alama yenye umbo kama hilo ilikuwapo kabla, nayo ni ya heri katika dini ya Wahindu. Mtoto akiiona katika hekalu lao asiwadhanie ubaya. Katika kazi za mikono alama ya Hitler isichorwe. Msalaba watosha kwa jaribio letu.

Upimaji

Tusiwapime wanafunzi kwa kuwauliza namba za rangi. Tuwape kazi hii: “Umepewa ndege ya kupeleka dawa katika vijiji vya Katavi wakati wa masika. Chagua rangi yake na alama zake, na utoe sababu.” Atakayeipaka kijani kwa sababu ndege za vita zilikuwa kijani hajalielewa somo. Atakayesema kwamba ndege ya dawa yatakiwa kuonekana, hasa ikianguka katika miombo na watu wakaitafuta, amelielewa. Majibu ya namna hiyo yasomwe mbele ya darasa, wenzake wayajadili, na maumbo ya maboksi yahifadhiwe katika kona ya zana kwa darasa la mwaka unaofuata.