Dondoo muhimu: Kupata chumba cha bei nafuu Tukuyu

Tukuyu ni mji wa mvua na baridi, kwa hiyo usitazame kodi peke yake.

1. Ulizia pia Kiwira, Katumba na Ushirika, kwenye barabara ya Mbeya–Kyela, ila jumlisha nauli kwenye kodi.
2. Kagua chumba mvua ikinyesha: tazama dari, kuta na sakafu kama vinavuja au vina ukungu.
3. Uliza bili ya maji na umeme wa LUKU mnachangia vipi, na choo mnatumia wangapi.
4. Usimpe dalali hela kabla ya kuona chumba na mwenye nyumba.
5. Ukiombwa kodi ya miezi sita, omba kuanza na mitatu.
6. Andikishaneni mkataba kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, na utunze risiti.