Chakula cha Ireland Zamani na Mafunzo Yake

Ireland ni kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza, chenye mvua nyingi na malisho mazuri. Hapo kale wenyeji wake walikula hasa maziwa, siagi, na uji wa nafaka iitwayo oti. Kisha, yapata mwisho wa karne ya 16, viliingia viazi, ambavyo Afrika ya Mashariki huitwa viazi vya Ulaya, ingawa asili yake ni Amerika ya Kusini.

Upishi wake ulikuwa rahisi. Mama alivitokosa pamoja na maganda katika chungu cha chuma chenye miguu mitatu. Kuni zilikuwa haba, basi moto uliwashwa kwa udongo mweusi wa kinamasi uliokatwa na kukaushwa. Viazi vilipoiva vilitiwa kikapuni, na watu wa nyumba wakakizunguka, wakala kwa mikono, kwa chumvi na mtindi. Siku njema vilipondwa pamoja na kabichi, vikatiwa siagi. Mtu wa kazi aliweza kula ratli 10 au zaidi kwa siku, naye alikuwa na nguvu, kwa kuwa viazi na maziwa hujenga mwili vizuri. Nguruwe na nafaka aliuza ili alipe kodi ya shamba.

Hatari ilikuwa kwamba maskini hawakuwa na chakula kingine, tena wengi walipanda mbegu ya namna moja tu. Mwaka 1845 ugonjwa ulishika mashamba. Majani yaligeuka meusi, viazi vikaoza ardhini. Mwaka 1846 karibu vyote viliharibika. Serikali ya Uingereza ilinunua mahindi Marekani, lakini watu hawakujua kuyasaga wala kuyapika, na wengi waliumwa matumbo. Wakati huo huo nafaka ya Ireland iliendelea kupelekwa Uingereza kuuzwa, kwani wenye njaa hawakuwa na fedha za kuinunua. Hata kufika mwaka 1852 watu wapata 1,000,000 walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine wapata 1,000,000 wamehama nchi.

Kiazi chenyewe hakikuwa kibaya, na hata leo hupendwa huko. Ubaya ulikuwa kutegemea zao moja na mbegu moja, bila fedha wala akiba. Mwenye shamba apandaye mazao ya namna mbalimbali, moja likimkosa, jingine humlisha.