Antena ya Fito Tatu

Bila shaka umeona juu ya mapaa antena za televisheni zenye fito nyingi, zilizopangwa mfano wa mbavu za samaki. Je, umewahi kujiuliza kwa nini antena za mtaa mmoja huelekezwa upande mmoja? Antena ya namna hii hupokea vizuri mawimbi yatokayo mbele yake, lakini yatokayo nyuma huyapokea kwa udhaifu.

Antena hii ilielezwa mwaka 1926 huko Sendai, Ujapani, na Shintaro Uda pamoja na mwalimu wake, Hidetsugu Yagi. Sehemu kubwa ya majaribio ilifanywa na Uda, lakini watu wengi huiita antena ya Yagi tu. Hiyo si haki.

Waendeshaji wa redio ya ridhaa, yaani watu wazungumzao kwa redio kwa kupenda na kujifunza, wala si kwa malipo, hujitengenezea antena hii nyumbani. Wengi wao hutumia mawimbi yatetemayo mara milioni 145 kwa sekunde. Mawimbi ya redio husafiri meta milioni 300 kwa sekunde. Gawanya 300 kwa 145. Utapata urefu wa wimbi moja, karibu meta 2. Fito ya kati huwa karibu nusu ya urefu huo.

Chukua ubao mwembamba, mkavu, wa sentimeta 90, na fito tatu za alumini. Ya nyuma iwe na sentimeta 103, ya kati 97 na ya mbele 92. Zipachike zikikingama ubao, kila moja sentimeta 40 kutoka kwa mwenzake. Ikate fito ya kati katikati, na vipande vyake visigusane. Sasa chukua waya mnene wa antena. Ndani yake mna waya mmoja wa kati, na mwingine wa kusukwa unaouzunguka. Unga kila mmoja kwenye kipande chake.

Fito ya mbele na ya nyuma haziungwi na waya wowote. Zinafanya kazi gani, basi? Mawimbi yakizipiga, nazo hutoa mawimbi yao. Yale yatokayo mbele na haya ya fito hufika kwenye fito ya kati kwa pamoja, kama wavuvi wavutao jarife kwa sauti moja. Yakitoka nyuma, huvutana kinyume na kudhoofishana.

Aliye Dar es Salaam akitaka kumsikia mwenzake wa mjini Unguja, huelekeza fito fupi kaskazini, ng'ambo ya bahari. Ikiwa antena ya mwenzake ina fito za wima, naye husimamisha zake wima.

HADHARI: Usiisimamishe antena bila mtu mzima. Iwe mbali na nyaya za umeme, hata ikianguka isiweze kuzifikia. Umeme huo huua. Mawingu ya radi yakianza kutanda, usiiguse. Tena, kusikiliza si kurusha: arushaye mawimbi lazima awe na leseni ya serikali.

Maswali
1. Kwa nini fito ya kati hukatwa vipande viwili?
2. Mawimbi yakitetema mara milioni 100 kwa sekunde, fito zitakuwa ndefu zaidi au fupi zaidi? Onyesha hesabu yako.
3. Tazama antena za mtaani kwenu. Zinaelekea wapi?