Kazi ya miaka kumi: panga njia yako ukiwa Kabwe

Nunua daftari na kalamu. Kwa wiki moja, kila siku tenga nusu saa ukae mahali watu wanapofanya kazi: mwaloni boti zinapoegeshwa, gatini bandarini, kwenye vichanja vya dagaa, kwa fundi injini, kwenye benchi la zahanati. Simu iache nyumbani. Andika nani anafanya nini, nani anamsubiri nani, na nini kimekwama.

Hicho kilichokwama ndicho unachokitafuta. Dagaa wamenyeshewa kichanjani, wameoza. Mahindi yamelala bandarini kwa sababu karatasi moja haijakamilika. Injini imezima na fundi anayeijua yuko Kirando. Palipokwama kitu, kuna mtu yuko tayari kulipa ili kikwamuke, na atakuwa tayari kulipa mwakani pia.

Vijana wengi huanza kwa kuchagua cheo. Nataka kuwa daktari, nataka kuwa meneja. Wewe anza kwa kuchagua shida utakayoishughulikia. Cheo unaweza kukikosa kwa alama moja tu ya mtihani. Shida haiondoki, na milango yake ni mingi. Aliyeamua kwamba kazi yake maishani ni kuzuia samaki wa Ziwa Tanganyika wasiharibike anaweza kupitia chuo cha uvuvi, ufundi wa majokofu, maabara ya ubora au biashara ya kukausha na kufungasha. Akifungiwa huku, anagonga kule.

Ukimaliza wiki, chuja. Kila shida uliyoandika ipitishe kwenye maswali matatu. Inaniuma kiasi cha kutaka kuifanyia kazi miaka kumi? Watu huwa wananiita nisaidie mambo ya namna hii? Kuna mtu anatoa pesa ili itatuliwe? Shida inayopita yote matatu izungushie duara.

Swali la pili usilijibu peke yako. Nenda kwa mama, kwa mwalimu wako, kwa nahodha uliyewahi kumfanyia kazi. Wape shikamoo, kaa chini, uliza: "Ukiwa na kazi ya namna gani, mimi ndiye unayenikumbuka kwanza?" Watakachosema kiandike kama kilivyo. Usibishane nao. Wao wamekuona ukifanya kazi siku ambazo hukujua unaangaliwa.

Kisha jaribu kwa mikono. Mfuate fundi, karani au mfanyabiashara mmoja, umwambie wazi: "Naomba nikae na wewe wiki mbili nijifunze. Nitafagia, nitabeba, nitauliza." Wengi watakubali. Angalia upande mchungu wa hiyo kazi: baridi ya usiku majini, foleni za ofisini, mteja asiyelipa. Ukiuona huo uchungu na kesho yake ukarudi mwenyewe, umepata jibu ambalo kufikiri kitandani kusingekupa.

Tazama ziwa kwa macho ya kazi

Nikae hapa kidogo, maana vijana wengi wa Kabwe wanadhani kazi nzuri iko Dar es Salaam tu.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na linagusa nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Ng'ambo yetu ni Moba. Kaskazini kuna Kalemie, Kigoma na Bujumbura, kusini kuna Mpulungu. Serikali imejenga bandari hapa Kabwe, na nyuma yetu kuna uwanda wa Ufipa wenye mahindi na maharage, na bonde la Rukwa lenye mpunga. Kijiji kilichokaa kati ya shamba na soko la nchi tatu nyingine kinahitaji watu wa fani nyingi: wanaojua forodha, wanaosoma hali ya hewa, wanaofufua injini, wanaojua ubaridi na vifungashio, wanaotunza mahesabu bila kudokoa.

Chukua mfano wa meli ya Liemba. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa makusudi mwaka 1916 wakati wa vita, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Kila kizazi tangu hapo kimelazimika kutoa mafundi na mabaharia wa kuihudumia. Ufundi wa vyombo vya majini hauchakai haraka kwenye ziwa kama hili.

Jifunze Kifaransa. Sokoni Moba au Kalemie Kiswahili chako kinatosha, lakini karatasi za ofisi za Kongo zimeandikwa kwa Kifaransa. Kijana wa Kabwe anayeweza kuzisoma atatafutwa na kila mwenye mzigo. Dakika ishirini kila jioni zinatosha kuanzia. Tafuta kitabu, na tafuta Mkongomani wa kuongea naye. Hapa hawakosekani.

Andika lengo, kisha rudi nyuma

Sasa andika sentensi moja yenye mwaka ndani yake, miaka kumi kutoka leo. Iandike kana kwamba umeshafika: "Nina karakana ya injini za boti hapa Kabwe, nina mafundi watatu, na hakuna boti ya hapa inayopelekwa mbali kutengenezwa." Mtu mwingine akiisoma, aweze kuja siku hiyo na kuhakikisha kama ni kweli au si kweli. "Nataka kufanikiwa" haihakikishiki, ifute.

Kutoka hapo rudi nyuma. Mwaka wa sita nina cheti na nimeshafanya kazi miaka mitatu chini ya fundi mkubwa. Mwaka wa tatu nimemaliza chuo. Mwaka huu nina cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na ada ya muhula wa kwanza. Wiki hii nimekwenda ofisi ya kata kuulizia. Mstari wa wiki hii ukikushinda kuuandika, lengo lako bado halijashuka chini.

Wakulima wa Ufipa wana mtindo wa kupanga unaokufaa. Mvua zikielekea kwisha wanalima majani na kuyafukia kwenye vilima vya udongo, ntumba, na juu yake wanapanda maharage. Msimu unaofuata majani yameoza, wanavitawanya vile vilima na kupanda ulezi kwenye udongo ulionona. Hatua zako zipange hivyo: kila moja ikupe cha kula sasa na iache rutuba ya hatua inayofuata.

Kwa hiyo, ukihitaji kibarua bandarini, usiishie kubeba magunia. Omba kuwa anayeyahesabu na kuandika. Malipo ya siku huenda yakafanana, lakini mwaka ukiisha wewe utakuwa unajua aina za mizigo, wenye mizigo, na karatasi zinazowasumbua.

Usiogope urefu wa safari. Kardinali Polycarp Pengo alizaliwa Mwazye, hapa Ufipa, mwaka 1944. Alipata upadri mwaka 1971, akateuliwa kuwa askofu mwaka 1983 na kuwa kardinali mwaka 1998. Hata kama wewe si Mkatoliki, tazama nafasi iliyopo kati ya mwaka na mwaka. Hapo katikati palikuwa na masomo na kazi za kila siku.

Chuo, cheti na jina lako

Wa uvuvi na ufugaji wa samaki aulizie wakala wa mafunzo ya uvuvi, FETA, ambayo ina kampasi Kigoma. Wa meli na ubaharia atazame Chuo cha Bahari, DMI, kilichoko Dar es Salaam. Wa kazi za bandari, Chuo cha Bandari. Wa forodha, Chuo cha Kodi. Wa injini, umeme, uchomeleaji na majokofu aanze na VETA. Kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, soma mwongozo wa udahili wa NACTVET uone chuo kimesajiliwa na kozi inataka masomo gani.

Uko kidato cha pili? Usiitupe Fizikia kwa sababu wenzako wameitupa. Soma kwanza sifa za kozi unayoitaka. Ukishaiacha kidato cha tatu, kuirudia ukubwani ni gharama.

Na kama umeshajifunza kazi mtaani, injini unazifungua ukiwa umefumba macho lakini huna karatasi, ulizia VETA utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi. Wanapima unachokijua, wanakuongezea unachopungukiwa, na unapata cheti.

Jambo moja dogo limewakwamisha wengi: jina. Cheti cha kuzaliwa, cha shule na NIDA vyote visome jina lilelile, herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, anza kurekebisha sasa, usingoje siku ya kuomba kazi au mkopo wa masomo.

Fuata kalenda ya ziwa

Hapa una kitu ambacho kijana wa mjini hana. Mbalamwezi ikiwa pevu taa hazivuti dagaa, na boti za usiku hupumzika. Fanya siku hizo kuwa za daftari. Kila mwezi jibu mambo matatu: nilisema nitafanya nini, nimefanya nini, mwezi huu nafanya nini. Nusu saa inatosha.

Halafu kuna kupumzisha ziwa. Kwa makubaliano ya nchi zote nne, mwaka 2024 uvuvi upande wetu ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa asiyejiandaa, miezi mitatu bila kipato ni mirefu. Tarehe za mwaka wako zipate mapema kwa ofisa uvuvi au kwa kikundi cha usimamizi wa mwalo wako (BMU). Weka akiba ya chakula, kisha ijaze miezi hiyo kwa kozi fupi, mafunzo kwa fundi au leseni uliyokuwa unaiahirisha.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Fungua fungu la ada ndani ya VICOBA au benki, lisichanganyike na pesa ya nyavu wala ya sherehe. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri haina riba, na mgawo wake ni 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata atakueleza namna ya kusajili kikundi. Mkopo huo uchukue kwa ajili ya vifaa vya kazi ambayo tayari unaijua. Kujifunzia kazi kwa pesa ya mkopo ni hatari.

Wazazi waingize mapema. Usimvizie baba akiwa amechoka ukamwambia unataka kwenda Kigoma. Chagua jioni tulivu, mkae, umwoneshe ukurasa wako: "Baba, hapa ndipo ninapotaka kufika, hii ndiyo njia, na hiki ndicho ninachokichangia mwenyewe." Mzazi anachohofia zaidi ni pesa ya familia kupotea bila hesabu. Ukimletea hesabu, mazungumzo yanabadilika.

Mara moja kwa mwaka, pitia sentensi yako kubwa. Kama njia imeziba, badilisha njia kwanza. Ibadilishe shida yenyewe pale tu unapoona imeacha kukuuma. Dada aliyetaka uuguzi akakosa alama bado anaweza kuwahudumia kina mama wa mwambao huu kupitia usafiri wa boti, duka la dawa au kazi ya afya ya jamii.

Na ukikosa nafasi ya chuo mwezi Septemba, ulizia dirisha la Machi, maana baadhi ya vyuo hupokea mara mbili kwa mwaka. Miezi ya kungojea rudi kwa yule fundi uliyekaa naye wiki mbili. Safari hii omba akupe kazi moja uimalize mwenyewe tangu mwanzo, na mkubaliane malipo kabla hujashika spana.